Vipuri Vilivyouzwa kwa Kilo

Wajukuu zangu, mafundi mnaochipukia wa Tunduma, Mbozi na Ileje, nawaandikia nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuipoza kwanza. Mkiona mahali nimefoka, jueni nimefoka kweli. Nimeuza vipuri vya redio tangu nikiwa binti asiyejua kapasita ni kitu cha kula au cha kuvaa, mpaka magoti yakaanza kulalamika kila nilipopanda kigoda kufikia droo za juu. Leo mji wote huu, wenye malori yaliyojipanga hadi kuvuka barabara ni kazi, ukitafuta kapasita moja ya kuifufua redio ya baba yako unazunguka mpaka soli inaisha. Kava la simu utapata. Kava la zambarau lenye masikio ya sungura utalipata fremu kumi mfululizo, na muuzaji atakuuliza kama unataka na la kijani.

Duka halikuwa langu mwanzoni. Lilikuwa la Mzee Simbeye, Mnamwanga mfupi mwenye miwani iliyoshikwa kwa waya wa shaba, mtaa wa pili kutoka mpakani. Mimi nilishuka kutoka Ileje kumtafuta shangazi aliyekuwa akiuza vitenge Nakonde, upande wa Zambia, nikamkosa, nikaomba kazi ya kufagia. Mzee akaniuliza, "Unajua rangi?" Nikasema najua. "Zitaje." Nikazitaja zote zilizokuwa kwenye kitenge nilichovaa. Akanipa ufagio, na wiki iliyofuata akanimwagia mezani lundo la rezista nizitenge. Rezista, kwa asiyeijua, ni kile kidude chembamba kinachopunguza umeme kwenye redio. Hakiandikwi namba. Kina mistari ya rangi, na hiyo mistari ndiyo namba yenyewe.

Nyuma ya kaunta palikuwa na kabati la chuma, refu kutoka sakafuni hadi darini, lenye droo ndogo ndogo mia na kitu. Mzee hakuandika jina la kitu kwenye droo. Alikifunga kipuri chenyewe kwa uzi kwenye mshikio, ukitazama unakiona. Alisema wateja wake wanasema Kinyiha, Kindali, Kinamwanga, Kibemba na Kiingereza cha kuokoteza, na wengine shule waliipita kwa nje, lakini wote wana macho. Fundi wa Nakonde alikuwa akiingia, ananisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," namjibu, "Bwino," na baada ya hapo hatuhitaji lugha tena. Ananyoosha kidole kwenye droo, nami nafungua.

Kitu kimoja tu Mzee hakukisamehe: kuuza bila kuuliza. Kila aliyeleta kipuri kibovu aliulizwa, "Kilikufa kikiwa kwenye nini?" Maana kipuri mara nyingi hakifi chenyewe, kinauawa na jirani yake. Ukimpa mtu transista mpya bila kujua ya kwanza iliuawa na nani, umemtuma akaue nyingine. Kuna wateja walikasirika. Mmoja alisema, "Mzee, mimi nimekuja kununua, sikuja polisi." Mzee akamrudishia kile kipuri kibovu mkononi, akamtakia safari njema. Kesho yake yule bwana alirudi, akajibu maswali yote kwa adabu.

Sasa niwaambie habari ya viberiti, maana hii hamjaikuta. Mafundi wa Itumba na Isongole, kule Ileje, hawakuweza kushuka Tunduma kila redio inapokata sauti. Kwa hiyo walikuwa wakitia kipuri kilichokufa ndani ya kiberiti kitupu, na kijikaratasi chenye jina la fundi na jibu la lile swali, wanampa dereva wa gari la asubuhi. Ikifika saa nne nina viberiti sita, saba, kaunta imekuwa kama ya muuza sigara. Nafungua kimoja kimoja, nasoma: "Fundi Kibona, Isongole. Kilikufa kwenye redio ya mwalimu, ilinyeshewa." Natafuta kinachofanana nacho, natia humo humo, gari la mchana linapanda navyo. Miaka nenda miaka rudi, hakuna dereva aliyepoteza kiberiti. Leo tuma simu ya milioni kwa mtu unayemjua uone.

Na humo humo kwenye viberiti ndimo nilimokosea kosa ambalo hadi leo likinijia nafumba macho. Fundi Kibona alituma rezista iliyoungua, ya amplifaya ya kwaya. Nikasoma mistari: kahawia, nyekundu, nyekundu. Nikatafuta hiyo, nikatia kwenye kiberiti, nikaendelea na maisha. Mwishoni mwa wiki ilikuwa Pasaka. Jumanne Fundi Kibona akaja mwenyewe, amevaa koti, ameibeba amplifaya begani. Akaitua kwenye kaunta taratibu.

"Mama, nimeileta."

"Imekuwaje tena, fundi?"

"Imepiga vizuri sana. Wimbo mmoja na nusu."

"Halafu?"

"Halafu tukaona moshi. Watu wa nyuma wakadhani ndiyo ufufuo wenyewe."

Mzee Simbeye akaichukua ile rezista mbovu niliyokuwa bado nimeihifadhi, akaikwangua kwa ukucha pembeni, sehemu ambayo moto haukufika. Chini ya ule ukahawia palikuwa na wekundu. Nyekundu ikiungua inakuwa kahawia, wanangu. Nilisoma rangi ya moto badala ya rangi ya kiwandani, nikampa rezista ndogo, umeme ukapita mwingi, ukaichoma transista. Mzee hakunigombeza. Aliniambia nikae siku nzima na kiberiti cha kuwashia, niziunguze rezista za kila rangi, niangalie kila moja inageuka nini. Nilikaa. Nywele zilinuka moshi siku tatu, na tangu siku hiyo sikukosea rangi tena.

Mzee alipofariki, wanawe walikuwa mbali na hawakutaka vumbi, wakaniachia duka. Watu wakaanza kuniita Mama Vipuri, hata padri. Nilifika mahali nikawa namjua fundi kwa kosa lake: huyu anachoma moto mwingi, huyu anachomelea kwa haraka, huyu risasi yake ya kuchomelea inakaa juu kama tonge kwa sababu anaipasha risasi moto badala ya kuupasha mguu wa kipuri. Pasheni mguu, nilikuwa nawaambia, risasi itajua pa kwenda. Nawaambia na ninyi.

Halafu yakaja mambo mawili, na hapa ndipo pressure inanipanda. La kwanza, vipuri feki. Transista ndogo inafutwa maandishi, inapigwa namba ya transista kubwa, inauzwa kwa bei ya kubwa. Nilijifunza kufuta migongo ya transista za kila boksi jipya kwa kitambaa chenye petroli. Namba ikihamia kwenye kitambaa, boksi linarudi lilikotoka. Zikiwa ngumu kutambulika navunja moja kwa koleo nione tumbo lake. Wauzaji wa jumla walinichukia, wakasema huyu mama anavunja mali. Nilikuwa navunja yangu, na niliilipia.

La pili ndilo lililotuua. Vikaanza kuja vyombo ambavyo havikuumbwa vifunguliwe. Vimegundishwa kwa gundi, skrubu zenyewe vichwa vyake hakuna bisibisi inayovijua. Kikizimika, muuzaji anakuambia, "Hiki hakitengenezeki, chukua kingine." Nani amesema hakitengenezeki? Umekifungua? Ukimuuliza hivyo anakucheka, anakuita mama wa zamani. Mtu amevuna kahawa mwaka mzima, amenunua redio ya sola, imekufa kwa sababu ya kipuri kidogo kuliko punje ya mtama, na anaambiwa aitupe. Huo mimi naita wizi, na mwizi amevaa shati safi na ana kiyoyozi dukani.

Viberiti vikapungua. Kutoka saba vikawa viwili, kisha kimoja kwa wiki, kisha dereva akawa ananipungia mkono tu. Mwenye fremu akaja, kijana wa watu, mpole kabisa, akasema anahitaji nafasi, kuna mtu anataka kuweka duka la makava na chaja. Nikaomba muda. Nikaenda kwenye chuo kimoja cha ufundi huku kwetu, nikawaambia nina vipuri vya kufundishia darasa zima, njooni mchukue bure. Wakaniambia niandike barua. Nikaandika. Wakaniambia barua imepokelewa. Nikamwambia padri, akasema atalitafakari. Nikamwambia mwanangu wa kwanza, yeye ni wakala wa forodha hapa hapa mjini, akaangalia kabati akasema, "Mama, huu uchafu pumzika nao sasa."

Basi wakaja watu wa vyuma chakavu. Walilitaka lile kabati tu, chuma kizito cha zamani. Nikawaambia droo zina vitu. Mmoja akavuta droo ya kwanza, akaimimina kwenye gunia. Akavuta ya pili, akaimimina juu yake. Transista, dayodi, rilei, kapasita, vyote nilivyovitenga kwa mkono tangu ujana wangu, vikachanganyika kwenye gunia la mahindi, wakalining'iniza kwenye mzani na kunitajia kilo. Nami nikasimama pale nimekunja mikono. Sikuwazuia. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilitaka viondoke nisivione.

Nilijiambia, hata hivyo nani atavitaka? Vijana wa leo wanajua kubadilisha kioo cha simu na kupakua miziki. Nilisema hivyo kwa jirani, nikasema kanisani, nikasema kwa kila aliyenipa pole. Niliwasema ninyi, yaani.

Mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, nikiwa nyumbani nachambua maharage, akaingia binti uani, viatu vimejaa tope. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Samahani, wewe ndiye Mama Vipuri? Naitwa Atupele, natoka Itumba. Nimezunguka mjini tangu nishuke kwenye gari, kila mtu ananiambia niagize Dar es Salaam, itafika keshokutwa. Mwendesha boda mmoja mzee ndiye akanileta kwako."

Akafungua kiganja. Palikuwa na rilei, kile kiboksi kidogo kinacholia "tak" kinapowasha na kuzima umeme. Ubavuni imeyeyuka. Mdomo wangu ukatangulia kabla yangu.

"Ilikufa ikiwa kwenye nini?"

"Mashine ya kuangulia vifaranga. Nimeitengeneza mwenyewe."

Akanieleza. Amesomea umeme, akarudi nyumbani, akaunda sanduku la mbao lenye balbu, feni na bodi ndogo ya kudhibiti joto. Wanawake wa pale kwao hawakumwamini. Kuku huatamia, boksi haliatamii. Amewabembeleza msimu mzima mpaka wakakubali kumletea mayai, kila mmoja ameandika jina lake kwa penseli kwenye ganda ili vifaranga wasije wakagombaniwa. Mayai yalikuwa yamefikia siku ya kumi na tisa. Rilei imeungua alfajiri. Hapo alipokuwa anaongea, mama yake alikuwa amekaa kando ya sanduku, jicho kwenye kipimajoto, anawasha balbu na kuzizima kwa mkono.

"Atachoka, bibi. Na yakiharibika, hakuna atakayenipa hata waya nimchomelee. Watasema walisema."

Nilikuwa naiona droo. Safu ya nne kutoka chini, upande wa dirisha, rilei za volti kumi na mbili, zilikuwa zimejaa.

"Vipuri nilishauza," nikamwambia. "Lakini hebu ngoja."

Friji langu lina stabilaiza, kile kisanduku kinachotuliza umeme, na ndani yake kuna rilei. Nikaichomoa, nikampa bisibisi afungue, maana macho yangu yamebaki ya kuchambulia maharage. Akafungua haraka, mikono yake ni mizuri. Akasoma. "Ishirini na nne, bibi." Haifai. Rilei ya ishirini na nne ukiipa kumi na mbili inakutazama tu. Friji langu limekaa bila stabilaiza tangu siku hiyo, lakini hayo si yenu.

Ndipo nikakumbuka zile ofisi za mawakala wa forodha. Kila moja ina kompyuta, na kila kompyuta ina UPS, kile kiboksi kizito kinachoishikilia umeme ukikatika. Betri yake ikifa, wanakitupa kizima, na tumboni kina rilei nzima kabisa. Nikachukua chuma changu cha kuchomelea, tukapanda boda hadi ofisi ya mwanangu. Tukaikuta UPS imewekwa kuuzuia mlango usijifunge.

"Hiyo ilishakufa, mama," mwanangu akasema.

"Ilikufa betri. Sogeza makaratasi hayo."

Wateja wamekaa na hati za malori yao, mimi nimechomeka chuma changu kwenye soketi ya ofisi, chumba kizima kinanuka risasi. Dereva mmoja Mzambia akasogea kuangalia, akaanza kutushikia tochi ya simu bila kuombwa. Atupele akafungua. Rilei tatu, zote kumi na mbili. Nikamwambia azitoe zote, moja ya kazi na mbili za akiba. Alipasha mguu kwanza, sikumfundisha. Miguu ya ile rilei haikukaa sawa na matundu ya bodi yake, nikamwonyesha atakavyoiunga kwa nyaya fupi, nene, kila moja na gamba lake la plastiki, na asiiguse bodi kabla hajachomoa kwenye umeme. Akarudia maneno yangu yote kwa mpangilio. Mwanangu alikuwa amesimama na kikombe cha chai, hakunywa.

Akawahi gari la mchana. Siku tatu nilikaa na simu kwenye mfuko wa aproni.

Ya tatu ikaita. Nyuma ya sauti yake nilisikia vifaranga, wengi, wanapiga kelele. Yai la mama mmoja mbishi kuliko wote ndilo lilitangulia kupasuka, na huyo mama sasa anaeleza njia nzima kwamba yeye aliamini tangu mwanzo. Yapo yaliyoharibika, si mengi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu Atupele akaniuliza.

"Bibi, zile droo ulimuuzia nani?"

"Watu wa vyuma chakavu. Kwa kilo."

"Bibi, sisi tungezichukua. Hapa Itumba tuko wanne, Isongole wapo wawili. Kila kitu tunangoja kutoka Dar es Salaam. Tungekodi gari tukaja."

"Nilitangaza, mwanangu. Chuo walijua, kanisani walijua. Hakuna aliyetaka."

"Sisi hukutuambia."

Alilisema kwa heshima, hakunilaumu. Nilimwandikia mkuu wa chuo, nilimsubiri padri, nilimbembeleza mwanangu, na katika muda wote huo sikumuuliza kijana hata mmoja mwenye bisibisi mkononi. Niliwasema ninyi mji mzima kwamba hamtaki kitu, wala sikuwahi kuwapa nafasi ya kukikataa.

Hasira yangu kwa muuza kava, kwa chuo na kwa wanaogundisha vyombo kwa gundi bado ninayo, na siiachii, ni ya haki. Lakini sasa kuna nyingine juu yake, na hiyo nimeitafutia mtu wa kumpelekea, sijampata zaidi ya yule mama aliyesimama amekunja mikono gunia likipimwa.